Mpaka Uko Gatini, Hauko Majini

Julai 21, 2020, chini ya maporomoko ya Niagara, meli mbili za watalii zilipishana na mpiga picha wa shirika la Reuters akazinasa pamoja. Moja, Maid of the Mist, ilikuwa imetoka upande wa Marekani, na watu waliovaa makoti ya plastiki ya buluu walikuwa wamebanana kwenye sitaha. Ya pili ilikuwa imetoka Kanada. Ina uwezo wa kubeba abiria 700. Siku hizo haikuruhusiwa kupakia zaidi ya 6. Picha ilizagaa duniani, na wengi walioiona walitoa hukumu moja: Wakanada wanauheshimu ugonjwa wa korona, Wamarekani wanauchezea.

Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Hakuna abiria hata mmoja kwenye meli zile aliyejichagulia idadi. Jimbo la New York lilikuwa limeruhusu chombo kijae nusu. Ontario, ambako masharti yalikuwa bado makali, ilikuwa imeweka kikomo cha watu sita. Maji yalikuwa yaleyale na upepo uleule. Tena poromoko kubwa zaidi, lile la Horseshoe, kwa sehemu kubwa liko ndani ya Kanada, kwa hiyo meli ya Marekani inayowapeleka watu kulitazama huingia maji ya jirani bila pasipoti ya mtu yeyote kugongwa muhuri. Mpaka wa nchi hizo mbili ulikuwa umefungwa tangu Machi 21 kwa safari zote zisizo za lazima. Utalii wa dakika ishirini kwenye mto, ambao hakuna aliyewahi kufa kwa kuukosa, ukaendelea.

Uliwezekana kwa sababu majini sheria hufuata gati. Aliyepanda New York na kushuka New York yuko chini ya amri za New York mwanzo hadi mwisho, hata kama katikati ya safari chombo chake kilielea ng'ambo. Gatini ndiko kuliko na lango, tiketi, mtu wa kuhesabu vichwa na mtu wa kupima joto. Katikati ya mto hakuna kitu.

Kanada yenyewe ililijua hilo. Kabla ya ugonjwa, Mmarekani mwenye mashua yake aliweza kuingia maji ya Kanada, akazunguka na kurudi kwao bila kuripoti popote, mradi asitie nanga wala asishuke. Mwaka 2020 ruhusa hiyo ikaondolewa kwa wote waliokwenda kujiburudisha tu. Kwa nini mashua ya mtu na mkewe izuiwe, na meli ya mamia ipite? Nionavyo mimi, ni kwa sababu meli ya mamia inajulikana itarudi wapi. Mashua ya mtu binafsi inaweza kushusha watu kwenye ufuo wowote wenye kichaka.

Mtu wa Mowlem, huku Eastlands, Nairobi, akisoma mpaka hapa atauliza meli zinamhusu nini. Huku kwetu habari za gati tunawaachia watu wa Kisumu na Mombasa. Lakini mwaka uleule, Nairobi nayo iliwekewa mpaka wa maji, na wengi wetu tuliishi nyuma yake miezi mitatu.

Aprili 6, 2020, saa moja jioni, mji ulifungwa. Amri iliyotangazwa na Rais Uhuru Kenyatta ilitaja kaunti yote ya Nairobi, sehemu ya Kajiado yenye Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na Ngong, sehemu ya Machakos hadi Athi River, Katani ikiwemo, na sehemu ya Kiambu hadi daraja la mto Chania, Thika. Mwenye mama yake Murang'a akajikuta ametenganishwa na mamake na mto ambao maisha yake yote aliuvuka akisinzia ndani ya matatu. Siku zilikuwa ziwe 21. Zikaongezwa Aprili, zikaongezwa Mei, zikaongezwa Juni, hadi Julai 7 saa kumi alfajiri. Mazishi yaliruhusiwa watu 15, na wa kuyasafiria alihitaji kibali.

Aliyeuchagua Chania hakukosea kwenye karatasi. Mto unaonekana kwenye ramani, hauna ubishi wa hapa ni kwa nani, na una daraja ambalo polisi wanaweza kusimama juu yake. Tatizo ni kwamba kizuizi cha darajani kinamkamata anayepita darajani. Wenyeji wa mto wowote wanajua pa kuvukia ambapo askari aliyetumwa kutoka mbali hapajui, na hata asiyeujua mto alikuwa na boda boda. Abiria alishuka kabla ya kizuizi, akabebwa kwa njia za panya, akateremshwa mbele ambako gari lingine lilikuwa likimngoja. Lori la vitunguu lilipita kihalali kwa sababu ni mzigo wa chakula, na ndani ya malori ya aina hiyo polisi walikuwa wakikuta watu. Hivyo mtu aliyepanda chombo kinachojulikana, chenye nambari, steji na karani, ndiye aliyezuiwa kwa hakika. Aliyelipa zaidi kwa njia isiyo na karani alipita, na hakuna aliyempima joto.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa karibu, kumbuka matatu zetu. Amri ya Machi 2020 ilisema gari la abiria 14 libebe 8, la 25 libebe 15, na makubwa yabebe asilimia 60. Asubuhi, stejini, amri ilifuatwa kwa dhati. Viti vya kuachwa wazi vilikuwa vimebandikwa utepe kwa alama ya msalaba, na makanga alisimama mlangoni na chupa ya dawa ya mikono iliyotiwa maji hata harufu ikaisha. Watu wanane, nauli imepanda, safari njema. Kufika Outer Ring, utepe ulikuwa umekaliwa. Kabla ya kizuizi cha polisi makanga aliwaomba wawili watatu washuke, watembee kidogo, wapandie mbele. Abiria walitii bila kinyongo, kwa sababu na wao walikuwa na kazi ya kuwahi. Hesabu ya watu ilikuwa sahihi mahali pawili: mahali pa kuanzia na mahali penye sare. Simlaumu makanga. Gari lenye mkopo haliwezi kuishi kwa viti vinane, na aliyetunga amri aliacha mafuta, mkopo na hesabu ya tajiri palepale vilipokuwa.

Tena kikomo cha abiria kilipima viti, hakikupima hewa. Hofu ya vyombo vya majini ilikuwa na chanzo kinachoeleweka: Februari 2020, meli ya starehe Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na 712 kati yao wakakutwa na virusi. Meli ile ilikuwa hoteli iliyofungwa, watu wanalala, wanakula na kukohoa ndani yake kwa wiki kadhaa. Chombo cha Niagara ni sitaha iliyo wazi, kinapigwa upepo na manyunyu, na kinarudi gatini kabla chai haijapoa. Kuviwekea vyote viwili hofu moja kwa sababu vyote vinaelea ni uvivu wa fikra. Julai hiyohiyo wanasayansi 239 walichapisha barua ya wazi wakilitaka Shirika la Afya Duniani likiri kwamba virusi hivi husafiri hewani ndani ya vyumba visivyopitisha upepo. Kwa kipimo hicho, matatu ya Eastlands yenye watu wanane na madirisha yaliyofungwa kwa baridi ya Julai ilikuwa ya hatari kuliko sitaha ya Maid of the Mist yenye watu mia mbili. Huko Niagara, kama ningekuwa mkaguzi, ningeiacha sitaha nikaenda kusimama kwenye foleni na kwenye lifti ya kuteremkia mtoni. Hapo napo ni gatini.

Sasa twende Pwani, maana hapo ndipo penye Niagara yetu hasa.

Kati ya Shimoni, kusini mwa Kwale, na kisiwa cha Pemba kuna mkondo ambao Kenya na Tanzania ziligawana kwa makubaliano ya mwaka 1976. Upande wa Kenya, mashua za watalii hutoka Shimoni kwenda hifadhi ya Kisite-Mpunguti inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kutazama pomboo na matumbawe, kisha wageni hula Wasini. Safari za ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa Machi 25, 2020, na Aprili 8 kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungwa kama Nairobi. Mashua zikavutwa juu. Mtu wa bara anaweza kudhani mashua iliyopumzishwa haili kitu. Chombo cha mbao kikikaa juani bila kuonja maji, mbao hukauka na nyufa hufunguka, na siku ya kukirudisha baharini lazima kikalafatiwe upya, pamba na mafuta na kazi ya fundi. Hasara ya nahodha wa Shimoni haikuwa fedha ya watalii peke yake. Chombo chenyewe kilikuwa kikimharibikia machoni.

Ng'ambo ya mkondo mambo yalikuwa mengine. Takwimu za mwisho za Tanzania mwaka huo zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Mei 18 serikali ya Rais John Magufuli ikafungua anga kwa ndege za kigeni na watalii wakaanza kurudi, wakati Kenya ilikuwa imeufunga mpaka wa nchi kavu na Tanzania siku mbili kabla, Mei 16, isipokuwa kwa mizigo. Serikali mbili, bahari moja, na kila moja na amri yake, kama New York na Ontario.

Ila kuna tofauti, na ndiyo iliyonifanya niandike safu hii. Niagara, kila mtu alirudi alikotoka. Katika mkondo wa Pemba watu hushuka. Wana ndugu pande zote mbili, wana biashara, na wana dago. Wavuvi wa Pemba huja kupiga dago pwani ya Kenya wakati wa kaskazi, wakakaa miezi, wakavua na kuuza, kisha hurudi kwao upepo unapogeuka. Amri ya Kwale ilitoka Aprili, kaskazi inakwisha na kusi inaanza, yaani wakati uleule ambao mgeni wa dago hufunga virago. Ukimwambia mvuvi huyo kwamba mpaka umefungwa, unamwamuru akae ugenini msimu ambao samaki wake wamekwenda. Atakwenda zake. Swali pekee ni kama atang'oa nanga mahali anapojulikana, akaandikwa jina na kupimwa, au usiku kwenye mikoko.

Angani ugomvi wa nchi hizi mbili ulionekana na kila mtu, kwa sababu uwanja wa ndege ni gati lenye ukuta. Kenya ilipofungua safari za kimataifa Agosti 1, 2020, jina la Tanzania halikuwa kwenye orodha ya nchi zilizoruhusiwa. Dar es Salaam ikajibu kwa kuizuia Kenya Airways, na baadaye mashirika mengine matatu ya Kenya, hadi katikati ya Septemba. Mawaziri walipigiana simu, magazeti yakaandika. Kuhusu majahazi hakuna waziri aliyepiga simu.

Ziwa Victoria lina hadithi hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Ni kilomita za mraba 68,800 hivi, na Kenya ina karibu asilimia 6 tu. Mstari unaozigawa Kenya na Uganda majini uliandikwa na Waingereza katika amri ya mwaka 1926, na ukitaka kujua unavyoonekana kwa macho, waulize wa Migingo, kisiwa kisichozidi nusu ekari hivi ambacho nchi mbili zimekigombania miaka mingi huku wavuvi wakiendelea kukodi vibanda vyake. Hata kabla ya ziwa, sehemu nzuri ya mpaka wa nchi kavu ni mito: Sio, Malaba, Lwakhakha, Suam.

Mwaka 2020 foleni ya malori Malaba na Busia ilirefuka kwa kilomita nyingi. Uganda iliwapima madereva na kusubiri majibu, na madereva walilala, wakala na kuoga barabarani, katika vibanda vilevile, siku baada ya siku. Mpango wa kuzuia maambukizi ukatengeneza mji mdogo wa kuambukizana. Wakati huohuo kulikuwa na meli. MV Uhuru, iliyoundwa miaka ya 1960 kubeba mabehewa ya reli, ilikuwa imekaa bila kazi zaidi ya miaka kumi, ikafufuliwa mwishoni mwa 2019. Inabeba mabehewa 22 kwa safari moja, na mafuta iliyoyachukua kutoka Kisumu hadi Port Bell ya Uganda yangehitaji malori kama thelathini. Hesabu ya afya hapa ni rahisi kuliko ya fedha: malori thelathini yana madereva thelathini na matandiboi wao, na yanasimama kila penye chai. Meli inasimama mara mbili, Kisumu na Port Bell, na magati yote mawili yana uzio. Meli kubwa inayovuka mpaka ilikuwa salama kuliko daraja, na bado magazeti yalihesabu malori.

Hofu ya kweli ya ziwa iko kwenye mialo, au bichi kama wenyewe wasemavyo. Zipo mamia upande wa Kenya peke yake, kutoka Muhuru Bay hadi Sio Port, na boti ya mbao yenye injini ndogo inaweza kushuka kwenye yoyote. Samaki wa bichi hizo hufika soko la Gikomba alfajiri, na kabla ya jua kutua wako kwenye karai la mafuta kando ya barabara ya kwetu. Mwaka ule kila mtu alijua kwamba omena hufungiwa tangu Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaane, na kila mtu alijua kwamba omena hawakukosekana kabisa sokoni. Walitoka wapi? Sitajifanya mpelelezi. Samaki walivuka mahali fulani, na aliyewaleta alivuka nao.

Kenya inacho chombo cha kuzisimamia bichi. Kanuni za mwaka 2007 ziliunda vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vyenye kamati ya kuchaguliwa na daftari la wavuvi, boti na wachuuzi. Mwenyekiti wa BMU anamjua mgeni kabla hajafunga kamba. Anajua boti ipi haikulala nyumbani jana. Hakuna afisa wa uhamiaji wala doria ya wanamaji anayeweza kupata habari hizo kwa bei ile. Lakini mtu huyu tunamtumia vibaya. Tukimpa kazi ya kuripoti wageni, halafu kila anayeripotiwa akapelekwa karantini kwa gharama yake mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa waliorudi nchini mwanzoni mwa 2020, basi hakuna mwenyekiti atakayeripoti mjomba wa jirani yake. Angekuwa mjinga akifanya hivyo, na asingechaguliwa tena.

Magonjwa yaliyofuata yalitupa nafasi ya kujaribu njia nyingine. Septemba 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilitokea Mubende, Uganda, ikathibitishwa kwa watu 142 na kuua 55 kati yao kabla ya kutangazwa kwisha Januari 2023. Safari hiyo Kenya haikufunga mpaka. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini alipatikana katika kituo cha mpakani Taveta, msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya. Alipatikana kwa sababu alipita mahali palipo wazi, penye watu waliofunzwa, na hakuwa na sababu ya kupakwepa. Kama Taveta ingekuwa imefungwa, mtu huyo angekuwa amepanda pikipiki.

Kwa hiyo nikiambiwa leo nipange fedha za tahadhari kwa janga lijalo, nitaipa doria ya katikati ya ziwa kidogo sana, na kizuizi cha darajani kidogo kuliko kilivyopata. Nitapeleka kwenye magati madogo: maji safi, kipima joto, muda wa simu kwa karani wa bichi, chakula kwa anayewekwa kando siku zake zote, na neno la serikali kwamba kuripoti si kushtaki. Kuna kikwazo kimoja ambacho sijaona kikijadiliwa. BMU hujiendesha kwa ushuru wa samaki wanaoshushwa. Tukifunga ziwa, samaki hawashuki kihalali, ushuru unakatika, na karani wa daftari anakwenda kutafuta kibarua kwingine wiki ileile tunayomhitaji. Mshahara wake wa miezi mitatu, kwa kila bichi yenye daftari, inafaa uandikwe katika bajeti za kaunti za Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori sasa, wakati hakuna mtu anayekohoa.